Maswali na Majibu: Ukuta wa kanisa unatoa chumvi, benchi linatoa unga

Masika ikishapita, barua za makanisa ya zamani hujaa mezani kwetu. Safari hii zimetoka Kurasini hadi Kunduchi, na nyingi zinauliza jambo lile lile kwa maneno tofauti. Tumechagua saba. Wanaojibu ni mafundi wawili, mmoja wa chokaa na picha za ukutani, mwingine wa mbao.

Bwana Yesu asifiwe. Kanisa letu lina zaidi ya miaka mia moja, limejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa upande wa bahari una picha ya Yesu akibatizwa Yordani. Miguu ya Yohana imeanza kuliwa: rangi inabambuka na nyuma yake kuna unga mweupe. Tunaufagia, wiki mbili baadaye umerudi. Fundi anashauri tupige plasta ya saruji hadi mita moja na nusu, kisha rangi ya mafuta ya kuzuia unyevu. Tukubali?
*Katibu wa kamati ya majengo, Kurasini*

Amina, Katibu. Msikubali. Kama saruji imeshanunuliwa, ijengeeni uzio.

Unga huo ni chumvi. Ukuta wa matumbawe hunyonya maji kutoka ardhini, na maji hupanda yakiwa yamebeba chumvi ya udongo, ya mawe yenyewe na ile inayoletwa na upepo wa bahari. Maji yakifika usoni mwa ukuta hukauka na kuiacha chumvi pale pale. Chumvi ya kawaida, hii ya jikoni, huyeyuka yenyewe unyevu wa hewa ukipita asilimia 75, na ukishuka chini ya hapo huganda tena kuwa fuwele. Hewa ya Dar es Salaam alfajiri huwa juu ya asilimia 80, na saa tisa mchana wa kiangazi mara nyingi imeshuka chini ya 70. Wekeni kibakuli cha chumvi wazi jikoni mtaona: asubuhi imelowa, jioni imeshikana. Nyuma ya miguu ya Yohana mambo ni hayo hayo karibu kila siku, na kila chumvi inapoganda, fuwele zake hukua ndani ya vitundu vya plasta na kuisukuma rangi nje.

Saruji haizuii maji hayo, inayanyima njia tu. Yakikosa pa kutokea chini hupanda hadi saruji inapoishia, na mwaka wa pili au wa tatu mtatuandikia kuhusu kifua cha Yohana. Zaidi ya hapo saruji ina chumvi zake yenyewe, ambazo zitaingia ukutani pamoja na maji ya kuchanganyia. Rangi ya mafuta ni hadithi ile ile, ila yenyewe hututumka kama malengelenge kwanza.

Anzeni nje. Mvua ikinyesha, mtu achukue mwavuli alizunguke kanisa: wapi mfereji wa bati unafurika, wapi maji ya paa yanarukia ukuta, bomba la kiyoyozi linadondoshea wapi. Kisha tazameni chini. Makanisa mengi ya mjini yamepandishwa pevingi miaka ya karibuni, na pevingi imesogezwa hadi kugusa ukuta, wakati mwingine juu kuliko sakafu ya ndani. Ardhi iliyokuwa inapumua imefunikwa, kwa hiyo unyevu wake wote unatafuta ukuta. Ng'oeni ukanda wa sentimita 50 hadi 60 kuzunguka jengo, shusheni udongo uwe angalau sentimita 15 chini ya sakafu, jazeni kokoto, na pevingi iliyobaki iwe na mteremko wa sentimita mbili na nusu kwa kila mita, kwenda mbali na ukuta. Vigae vya kisasa vilivyowekwa ndani vina kosa hilo hilo, lakini kuving'oa ni gharama. Mkishindwa vyote, ondoeni angalau safu ya kigae iliyobandikwa ukutani.

Ndani, sehemu isiyo na picha chini ya miguu ya Yohana, toeni plasta iliyooza na mpige ya chokaa tupu: chokaa kopo moja, mchanga makopo matatu. Mchanga uwe wa mto. Wa ufukweni unakuja na chumvi yake. Chokaa ya mfuko ilowekwe kwenye pipa, maji yaifunike kwa vidole vitatu, ikae wiki mbili au zaidi. Kila mkono, yaani kila tabaka la plasta, usizidi unene wa milimita 12, na kabla ya mkono unaofuata zipite siku kumi chini ya magunia yaliyoloweshwa. Ikikaushwa haraka na jua au feni hupasuka, au hubaki unga kwa sababu chokaa hushika kwa kula hewa ya ukaa polepole ikiwa bado na unyevu. Plasta hii ni ya kafara. Imewekwa laini kuliko mawe na picha ili chumvi iile yenyewe. Baada ya miaka michache itachakaa, mtaitoa na kupiga nyingine. Mhasibu aambiwe mapema, asije akadhani fundi kadanganya.

Picha yenyewe kwa sasa msiiguse kwa maji. Chumvi iliyotoka ifagieni kwa brashi laini ya manyoya ya mbuzi, na chini muweke beleshi la taka la kuipokea, kwani ikidondoka sakafuni inarudi ukutani. Ukuta upigwe picha kwa kamera kila mwezi, mahali pale pale, rula ikiwa pembeni. Ukuta mnene huchukua zaidi ya mwaka kukauka. Mtaalamu wa kujaza rangi zilizopotea aje baada ya hapo, akija leo atapaka juu ya chumvi.

Nanyi mnajuaje kuwa unga mweupe wa kuta hizi ni chumvi ya jikoni na si nyingine? Na je, haiwezi kunyonywa itoke?
*Mwalimu wa sayansi, Temeke*

Mwalimu, wewe kipimo unacho kwenye maabara ya shule. Kwangua chumvi kidogo, iyeyushe katika maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke, chuja, tia matone mawili ya asidi ya nitriki iliyozimuliwa, halafu tone la nitrati ya fedha. Wingu jeupe zito ni kloridi. Sampuli nyingine tia asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa kisha kloridi ya bari: likitokea wingu ni salfeti, ambayo mara nyingi ni alama kwamba kuna saruji karibu. Nitrati nazo huja na mavi ya popo au choo kinachovuja.

Kunyonya kunawezekana. Tishu nyeupe isiyo na manukato hulowekwa kwenye maji yale safi hadi iwe uji, ikabandikwa ukutani kwa unene wa sentimita moja na kuachwa ikauke yenyewe, siku tatu hadi saba. Maji huingia ukutani, yanayeyusha chumvi, na yanaporudi kukaukia kwenye tishu huibeba. Hurudiwa mara mbili tatu kwa tishu mpya. Ukuta mtupu mnaweza kujaribu wenyewe, wenye picha mwacheni mtaalamu. Na kama maji ya ardhini bado yanapanda, mtanyonya bila kikomo. Tahadhari ya dukani: ukiomba "maji ya betri" unaweza kupewa yenye asidi. Asidi hula chokaa, na picha ni chokaa.

Tukigonga ukuta kwa kidole nyuma ya picha ya Karamu ya Mwisho unalia tupu, kama chungu chenye ufa. Picha haina ufa mkubwa. Tuiache?
*Mzee wa kanisa, Magomeni*

Shikamoo mzee. Umegonga vizuri. Gonga tena taratibu kwa kifundo cha kidole, na mwenzako aandike kwenye picha iliyochapishwa mipaka ya kila sehemu inayolia tupu. Usiku zima taa, washa tochi ya simu, ibane pembeni sambamba na ukuta. Uvimbe wowote utatupa kivuli. Sehemu tupu iliyotulia inaweza kukaa hivyo miaka mingi. Inayocheza ukiibonyeza kidogo, au iliyofura, haisubiri.

Dawa yake ni kudunga chokaa, na tunaieleza ili kamati ijue inalipia nini. Uji huwa chokaa iliyolowekwa sehemu moja, unga wa mawe ya chokaa sehemu moja na unga wa tofali la kuchoma sehemu moja, vyote vikichujwa kwenye soksi ya nailoni. Tofali si la kuongezea wingi. Nyuma ya plasta hewa haifiki, na chokaa peke yake ingebaki laini mwaka mzima. Unga wa tofali la kuchoma huifanya ishike hata bila hewa. Kwanza huzibwa nyufa kwa pamba uji usichuruzike juu ya picha. Kisha kupitia kitundu cha milimita mbili au tatu, mahali rangi ilipokwisha kupotea, hudungwa maji yaliyochanganywa nusu kwa nusu na spiriti, kwa kuwa spiriti huyasaidia maji kupenya kwenye vumbi. Spiriti iwe ile isiyo na rangi. Ya zambarau inatia doa lisilotoka. Uji hufuata kwa bomba la sindano, kutoka chini kwenda juu, kidogo kidogo, na baada ya kila kipande husubiriwa usiku mmoja.

Linaloharibu kazi hii ni haraka. Lita moja ya uji ina uzito wa zaidi ya kilo moja na nusu, na plasta iliyokwisha kuachana na ukuta ikijazwa yote siku moja huanguka pamoja na Mitume kumi na wawili. Wakati wa kudunga, ubao uliofunikwa sponji huegemezwa kwa mhimili kuikaza picha taratibu, ukaachwa saa 24.

Picha juu ya altare imekuwa nyeusi kwa moshi wa mishumaa na ubani. Mama mmoja wa jumuiya anasema zamani walisafisha kwa mkate. Ni kweli?
*Mwanakwaya, Upanga*

Ni kweli, mkate mweupe wa jana, bila ganda, ulisafisha picha nyingi Ulaya. Huku hatuushauri. Chembe zake hubaki kwenye mikwaruzo ya plasta, na kwa unyevu wetu ni chakula cha ukungu na mende. Kuna sponji kavu ya mpira iliyotengenezwa kwa ajili ya masizi. Hukatwa vipande, hupitishwa mara moja bila kusugua, uso ukishakuwa mweusi unakatwa na kutumika uso mpya. Kabla yake pitisheni brashi laini, mkianzia juu kushuka chini.

Maji ni jambo jingine. Lowesheni pamba iliyozungushiwa kijiti, iwe na unyevu tu, mzungushe juu ya kila rangi mahali pasipoonekana, eneo la ukucha. Rangi iliyopakwa juu ya chokaa mbichi ikashikana nayo haitatoka. Iliyopakwa kwa gundi juu ya ukuta uliokauka itabaki kwenye pamba, na mara nyingi bluu na kijani za ukuta huo huo zina tabia tofauti na nyekundu. Ikitoka hata rangi moja, maji basi. Na mtaalamu akija kuosha, msishangae akianzia chini kwenda juu: tone chafu likishuka kwenye ukuta mkavu huacha mchirizi, kwenye ukuta uliokwisha kuloweshwa hupita.

Utambi wa mshumaa ukikatwa ubaki milimita tano moshi hupungua sana. Vinara visogezwe mita moja kutoka ukutani, na feni ya ukutani isielekezwe kwenye picha.

Tulipokwangua rangi ya zamani ili tupake mpya, yalitokea maandishi ya Kijerumani na mstari wa maua mekundu. Vijana wana hamu ya kuendelea kukwangua wikiendi. Nao msasa wanao.
*Mwenyekiti wa vijana, Kigamboni*

Msasa urudi stoo. Makanisa ya enzi za Wajerumani yalipakwa maandiko na mapambo kisha yakafunikwa na mikono ya chokaa na baadaye rangi za dukani. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu la Dar es Salaam, lililojengwa kati ya 1897 na 1902, bado lina maandishi ya Kijerumani. Mlichonacho kinaweza kuwa tabaka la tatu kati ya saba, na msasa haujui kuhesabu.

Fungueni kidirisha kimoja tu, sentimita tano kwa tano, kwa kisu kidogo cha hospitali kilicholazwa sambamba na ukuta. Kila tabaka liachwe ukanda wa sentimita moja kama ngazi, lipigwe picha na kupewa namba. Mkijua maua yako tabaka lipi na yameenea kiasi gani, ndipo uamuzi wa kufunua uje. Si lazima yafunuliwe. Chokaa iliyoyafunika ndiyo iliyoyatunza. Yakifunuliwa yatahitaji mtunzaji kila mwaka, na kanisa lisilo na bajeti hiyo linafanya vizuri zaidi kuyaacha yalale chini ya chokaa mpya, ramani yake ikiwa ofisini. Msipake rangi ya plastiki juu yake hata kwa muda: siku ikibanduliwa, itaondoka na maua.

Kabla ya hayo yote ulizeni Idara ya Mambo ya Kale, iliyo chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Kama jengo linalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, kukwangua bila kibali ni kosa, hata mkiwa na baraka za mchungaji.

Chini ya mabenchi yetu ya mninga kila asubuhi kuna unga. Mlinzi ameleta oili chafu ya gereji, anasema ndiyo kiboko ya mchwa.
*Mama mlezi wa kanisa, Kunduchi*

Mama, oili chafu ni ya nguzo za uzio. Kwenye benchi haikauki, inachafua nguo za waumini, inanuka, na ikishaingia kwenye mbao hakuna gundi wala nta itakayoshika tena. Mafuta ya taa nayo huua kilicho juu, yakapaa, wadudu walio ndani wakaendelea kula.

Kwanza mjue anayekula ni nani. Tandikeni karatasi nyeusi chini ya benchi wiki mbili, kisha mtazame kilichodondoka kwa lensi. Unga laini kama poda, na matundu ya milimita moja au mbili juu ya mbao, ni vidudu wanaobungua. Hupenda sehemu nyeupe ya nje ya mti, kwa hiyo moyo mwekundu wa mninga kwa kawaida huwa salama. Chembe ngumu za kahawia zenye pande sita, kama mchanga, ni mchwa wa mbao kavu. Hao huishi ndani ya benchi bila kugusa ardhi. Mkiona njia za udongo zinapanda kwenye mguu wa benchi au ukutani, ni mchwa wa ardhini. Kutibu benchi peke yake hapo ni kujisumbua, kiota kiko nje na sakafu ndiyo ishughulikiwe. Karatasi ikibaki safi wiki mbili, matundu mnayoyaona ni ya zamani, msitie dawa yoyote.

Kwa benchi lenye wadudu hai, yeyusheni gramu 60 za boraksi na gramu 40 za asidi ya boriki kwenye lita moja ya maji moto, pakeni mara mbili au tatu sehemu zisizo na nakshi wala vanishi, hasa chini ya kiti na miguuni, mkivaa glavu. Dawa hii huoshwa na maji, haifai kwa milango ya nje. Msiipake kwenye sanamu zenye rangi au dhahabu.

Kitu kidogo cha mbao tupu, mfano msalaba wa maandamano, kinaweza kugandishwa. Kifungeni kwenye nailoni mara mbili, hewa itolewe, kiingie kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha kitoke kikiwa kimefungwa na kukaa saa 24 kabla ya kufunguliwa. Mkifungua mapema umande utatua juu ya mbao badala ya juu ya nailoni. Chenye rangi, meno ya tembo au kitambaa kisiingie.

Mkimaliza, benchi likae sentimita kumi mbali na ukuta, kila mguu ukiwa juu ya kipande cha plastiki ngumu. Nta ya kung'arishia mnaweza kuitengeneza: nta ya nyuki gramu 100, tapentaini gramu 300. Nta huyeyuka kwenye nyuzi kama 63, kwa hiyo kopo lake liwe ndani ya sufuria ya maji moto. Tapentaini itiwe baada ya kulitoa kopo motoni na kuupeleka moto mbali, mvuke wake hudaka cheche. Pakeni kidogo sana, mara moja kwa mwaka. Ikizidi, kwa joto letu inabaki nata na kuokota vumbi la barabara.

Wapambaji wa harusi wanabandika gundi ya karatasi na kupiga pini kwenye mimbari. Vinara vya shaba nao wanavisugua kwa majivu na ndimu ving'ae. Tuwaambieje?
*Mtunza sakristia, Kinondoni*

Waambieni kwa maandishi, siku ya kulipia ukumbi, pamoja na amana inayorudishwa. Mapambo yasimame kwenye fremu zake, sentimita 30 kutoka mimbari na picha. Gundi ya karatasi iliyokwisha kukaa isivutwe kwa nguvu. Ipasheni moto kidogo kwa kikausha nywele, ivutwe sambamba na mbao, na ikigoma iacheni mpaka fundi aje.

Mng'ao wa ndimu na majivu leo ni shaba iliyopungua leo. Asidi inayobaki kwenye nakshi hugeuka kijani ndani ya siku chache. Tumieni unga laini wa chaki nyeupe na spiriti, kwa pamba, mara moja kwa mwaka kabla ya Pasaka, kisha nta ile ile ya benchi kwa utando mwembamba. Nta ya mishumaa iondolewe kwa maji moto na kitambaa bila kisu, na kinara kisizamishwe: vingi vina jasi au lami ndani ya shina kuvipa uzito, na maji yakiingia humo hayatoki.